Websaiti ya kujiendesha imekwama: anza kukagua hapa

Ujumbe huwa unakuja asubuhi, na huwa mfupi: "Kaka, websaiti imelala." Nikiuliza imelalaje, naambiwa "haileti kitu." Hapo bado hatujaanza, maana "haileti kitu" ni magonjwa kadhaa, na dawa ya moja haimfai mwenye jingine.

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yanayojirudia kwa watu wa Arusha na Moshi wenye websaiti ndogo za kipato: njia za kupanda Kilimanjaro, matangazo ya ajira, kilimo cha parachichi na vitunguu, mapishi, mitihani ya zamani. Zote zilijengwa kwa ahadi ileile, kwamba ukishaiweka hewani unaenda kulala na hela inaingia. Kwa zinazofanya kazi, inaingia kweli. Ila ankara ya domeni (lile jina la websaiti linaloishia .com au .co.tz) nayo huja umelala. Kwa ninavyoona, kasoro nyingi haziko kwenye kompyuta kabisa. Ziko kwenye umiliki, majina, anwani na tarehe: nani anashika barua pepe ya domeni, jina lipi liko benki, sanduku la posta ni la nani. Ndiyo maana kwenye kila dalili nimetanguliza mambo unayoweza kukagua kwa simu yako, kabla ya kumlipa mtu.

## Haifunguki kabisa

Hakikisha kwanza tatizo ni websaiti na si mtandao wako. Zima Wi-Fi, jaribu kwa laini ya kampuni nyingine, kisha mwombe mtu aliye nje ya nchi aifungue. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Websaiti zilizohifadhiwa Ulaya na Marekani zilikuwa hai. Ni sisi ambao hatukuziona. Siku kama hiyo ukikimbilia kubadilisha mipangilio unajitengenezea tatizo ambalo halikuwepo.

Kama haifunguki kwa wote, shuka na orodha hii.

Domeni imeisha muda. Hii ndiyo inaongoza. Andika jina la domeni kwenye huduma yoyote ya WHOIS, utaona tarehe ya mwisho. Kwa domeni za .com wasajili wengi (kampuni zinazouza domeni) hukuachia siku za kulipia kwa bei ya kawaida hata baada ya tarehe kupita, lakini muda huo unatofautiana kwa kila msajili, kwa hiyo usiutegemee. Ukipita, domeni inaingia kwenye siku 30 za ukombozi, ambapo kuirudisha kunagharimu mara kadhaa ya bei ya mwaka. Baada ya hapo kuna siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anaweza kuichukua. Wanaovizia majina yenye "kilimanjaro" au "safari" ndani yake hawakosekani. Malipo ya kujirudia yenyewe yanasaidia tu kama kadi ina salio. Wengi wetu hulipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ambayo huwekewa hela siku ya kununua na kubaki tupu mwaka mzima. Siku ya makato inakuta sifuri. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo.

Domeni ni mpya na imezimika ghafla. Ukisajili .com, msajili anakutumia barua pepe ya kuthibitisha kwamba anwani yako ni ya kweli. Usipobofya ndani ya siku 15, anatakiwa kuisimamisha. Barua hiyo mara nyingi huwa kwenye kasha la taka. Itafute, bofya, subiri saa chache.

Domeni iko kwenye barua pepe ya fundi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoumiza kuliko zote. Dada mmoja wa Majengo, Moshi, alikuwa na websaiti ya mapishi ya ndizi, mtori na machalari mle ndani, na ilikuwa na wasomaji wake wa kudumu. Fundi aliyemjengea alisajili domeni kwa barua pepe yake mwenyewe "ili kurahisisha", akahamia Dodoma, akabadili laini. Vikumbusho vyote vya malipo vilikwenda kwenye kasha ambalo hakuna anayelifungua. Dada alikuwa na paswedi ya WordPress, programu ya kuandikia na kuendesha websaiti, akaamini ana websaiti. Mwenye paswedi ya WordPress ana ufunguo wa chumba. Mwenye akaunti ya msajili ndiye mwenye hati ya kiwanja.

Kama fundi bado anapatikana, usimwombe paswedi. Mwombe abadilishe jina la mmiliki na barua pepe kwenda kwako, au akupe msimbo wa kuhamishia domeni kwenye akaunti yako mwenyewe. Kama hapatikani, kusanya risiti za malipo, ujumbe wa makubaliano na kitambulisho, umwandikie msajili moja kwa moja. Kwa domeni za .co.tz, wasajili wengi ni kampuni za hapahapa nchini, unaweza kupiga simu au kwenda ofisini.

*Simama hapa:* mtu akikwambia anaweza "kuichomoa" domeni kwa malipo ya haraka, achana naye. Kama kuna mgogoro wa kweli wa umiliki, huyo ni mteja wa wakili, si wa fundi.

Hostingi, yaani nafasi unayokodi ya kuhifadhi websaiti, haijalipiwa au imejaa. Ingia cPanel, ukurasa wa kusimamia hostingi, tazama nafasi iliyotumika. Kinachojaza mara nyingi ni bakapu (nakala za akiba) za zamani zilizorundikana kwenye seva ileile, pamoja na kasha la barua pepe ambalo halijafunguliwa tangu lianze. Pakua bakapu ya mwisho, hakikisha inafunguka kwenye kompyuta yako, ndipo ufute zile za nyuma.

Kivinjari kinasema websaiti si salama. Cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na websaiti, kimeisha. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt huishi siku 90 na hutakiwa kujifanya upya vyenyewe. Vinaposhindwa, kawaida ni kwa sababu domeni ilihamishwa au kuna domeni ndogo (subdomain) ambayo haielekezi tena kwenye seva. Kwenye cPanel kuna sehemu ya hali ya SSL yenye kitufe cha kuendesha upya.

Ukurasa mweupe au taarifa ya hitilafu kubwa. Plagini (programu ya nyongeza) au themu (ya mwonekano) imegombana na toleo jipya. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji kwenye barua pepe ya msimamizi. Kama barua haipo (au msimamizi ni yule fundi wa Dodoma), fungua mafaili kwenye cPanel, nenda wp-content, badilisha jina la folda ya plugins liwe plugins-zima. Websaiti ikirudi, fungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi, rudisha jina la awali la folda, kisha washa plagini moja moja mpaka umwone mkorofi.

*Simama hapa:* ikiwa taarifa inataja kushindwa kuunganisha databesi, na huna bakapu, usiguse jedwali lolote. Mpigie mwenye hostingi kwanza, maana pengine ni seva yao. Wakisema si wao, ita fundi.

## Inafunguka, ila Google haiioni

Andika kwenye Google neno site: likifuatiwa na jina la domeni yako bila nafasi. Kurasa zikitokea, Google inaiona, na shida yako ni nafasi ya chini kwenye matokeo. Hiyo ni habari nyingine. Zisipotokea hata moja, kagua hivi.

Kwanza, kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu inayoitwa Reading, kuna kisanduku kinachoziambia injini za utafutaji zisiorodheshe websaiti. Mafundi hukiweka tiki wakati wa ujenzi na kusahau. Toa tiki, hifadhi.

Pili, websaiti haijasajiliwa Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye websaiti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji. Isajili, tuma ramani ya kurasa zako, kisha tumia kisanduku cha juu kukagua ukurasa mmoja mmoja. Hapo Google inakujibu yenyewe imekwama wapi. Kwa websaiti mpya, wiki kadhaa za kimya ni za kawaida.

Tatu, na hii ndiyo inakera wenye websaiti za ajira: Google imefika, imesoma, imeamua kutoorodhesha. Search Console inalionyesha hilo wazi, kurasa zimetembelewa lakini hazijaorodheshwa. Sababu ni kwamba tangazo lako ni lile lile PDF la Sekretarieti ya Ajira ambalo limenakiliwa neno kwa neno na websaiti nyingine chungu nzima, nyingi zikiwa na umri na viungo kuliko yako. Hakuna plagini ya kutibu hili. Kinachotibu ni kuweka kitu ambacho PDF haina: tarehe ya mwisho juu kabisa, nafasi za mkoa mmoja zikiwa pamoja, vyeti gani vinatakiwa kugongwa muhuri na wapi mtu wa Arusha anagongewa, makosa yanayofanya maombi yatupwe. Na ondoa matangazo yaliyopita muda wake. Kijana aliyefungua nafasi iliyofungwa mwaka juzi harudi tena.

Tahadhari ya pembeni: usipandishe tangazo linalomtaka mwombaji atume hela. Utakuwa umemsaidia tapeli kwa jina lako.

Mitihani ya zamani na nyimbo za kupakua zina shida nyingine. Si kazi yako, na mwenye haki akilalamika Google hukiondoa kiungo. Kama websaiti nzima imejengwa juu ya kazi za wengine, sina ukaguzi wa kukupa.

## Google ilikuwa inaleta watu, sasa wamepungua

Kabla ya kuogopa, linganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Kulinganisha na mwezi uliopita kunapotosha. Websaiti za Kilimanjaro na safari zina msimu kama mlima wenyewe: wapandaji wengi huja kiangazi cha Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia mwisho wa Desemba hadi mwanzo wa Machi, masika huwa kimya. Tena mtu hutafuta miezi kadhaa kabla ya kununua tiketi ya ndege, kwa hiyo grafu yako inapanda na kushuka kabla ya stendi na hoteli kuonyesha dalili yoyote. Search Console inahifadhi takwimu za miezi 16, zinatosha kwa ulinganisho huo.

Ikiwa msimu hauelezi, angalia tarehe. Google hutangaza mabadiliko makubwa ya utafutaji na siku yanapoanza. Ya Machi 2024 ndiyo yaliyowagusa wengi wa biashara hii: siku hiyohiyo ilitangaza sera mpya dhidi ya kuzalisha kurasa kwa wingi ili tu kupata nafasi, kununua domeni zilizokufa na kuzijaza maandishi yasiyohusiana, na kukodisha sehemu ya websaiti yenye heshima kwa wengine. Iwe kurasa zimeandikwa na mashine au na mtu, kipimo ni kama zina faida kwa msomaji. Websaiti yenye makala mia tano za "mambo 10 ya kujua" zilizotoka kwenye programu kwa wiki moja ndiyo hasa iliyolengwa. Tazama kwenye Search Console sehemu ya hatua zilizochukuliwa na mkaguzi. Ikiwa tupu, hujaadhibiwa na mtu, umepitwa tu.

Sababu ya tatu haina kosa la mtu. Maswali mafupi sasa yanajibiwa juu ya ukurasa wa Google wenyewe. Anayeuliza Kilimanjaro ina urefu gani anaona mita 5,895 na kuondoka. Lakini anayetaka kujua ampeleke wapi baba yake wa miaka 65, Marangu au Lemosho, bado anabofya. Anataka kuambiwa kwamba Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, na kwamba wengine wote wanalala kwenye mahema. Kwamba Marangu huuzwa ya siku 5 na ndiyo inayowachosha wengi, kwa kuwa mwili haupati muda wa kuzoea. Mtu wa Moshi anayekaa meza moja na waongozaji kila Jumapili anayo majibu ambayo mwandishi wa Manila hana, halafu anaandika makala ya urefu wa mlima! Futa au unganisha kurasa nyembamba, ongeza zile zinazojibu swali gumu, na hakikisha ada za hifadhi ulizoandika ni za mwaka huu. Bei ya zamani inamfukuza msomaji haraka kuliko chochote.

## AdSense imekataa maombi

AdSense ni mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye websaiti yako na kukulipa. Ikikataa, mara nyingi jibu ni kwamba maudhui hayana thamani ya kutosha. Rudi kwenye sehemu mbili zilizotangulia, dawa ni ileile. Kisha kagua madogo: hakuna ukurasa wa sera ya faragha, menyu ina kurasa tupu, au umeomba kwa akaunti ya pili wakati tayari unayo ya kwanza. Mtu mmoja, akaunti moja. Kagua pia kama lugha ya websaiti iko kwenye orodha ya lugha zinazokubalika, kabla ya kulaumu kingine.

## Watu wanaingia, hela haionekani

Tenganisha. Kuna websaiti inayokula matangazo, na kuna inayoleta wateja kwa wakala wa safari.

Kwa matangazo, kagua kwanza faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo kwenye websaiti yako: fungua domeni yako ikifuatiwa na /ads.txt. Lisipoonekana, au likawa na namba ya mchapishaji ya mtu mwingine (themu za bure zisizo na asili hupenda mchezo huu), mapato yanayumba. Pili, tangu mwanzo wa 2024 AdSense hulipa kwa tangazo kuonekana, si kubofywa, kwa hiyo kukaa kuhesabu mibofyo ni kujichosha. Tatu, mtangazaji hulipa kulingana na msomaji. Mjerumani anayetafuta viatu vya mlimani ana bei kuliko kijana wa Ngarenaro anayetafuta kazi. Hilo halitengenezeki.

*Simama hapa:* usibofye matangazo yako, usimwombe shemeji abofye, na toka kwenye magrupu ya WhatsApp ya "nibofyee nikubofyee". Google inaona, inapunguza matangazo kwanza, kisha inafunga akaunti na kurudisha hela kwa watangazaji. Una nafasi ya kukata rufaa. Anayekuuzia akaunti ya AdSense iliyokwisha kubaliwa anakuuzia jina la mtu mwingine, na benki itaikataa.

Kwa wateja wa safari, kosa la kwanza ni fomu. Inajazwa, inasema "asante", na barua haifiki. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na domeni isiyo na rekodi za SPF au DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, barua zake huishia kwenye taka au kukataliwa. Jaza fomu yako mwenyewe kila Jumatatu kwa barua pepe tofauti. Isipofika, weka plagini ya kutuma kwa SMTP, yaani kupitia akaunti halisi ya barua pepe, badala ya kuiachia seva itume, na muulize mwenye hostingi akuwekee rekodi hizo mbili. Ni kazi fupi kwake. Mtu anaweza kuhangaika na matangazo na makala miezi mingi wakati wateja walikuwa wakiandika, barua zikirundikana mahali hakuna anayepaangalia.

Kosa la pili ni wakala kuchelewa. Mtu wa Marekani akiandika jioni kwake, kwetu ni alfajiri. Akipata jibu la mwingine kabla hajalala, wewe umeshapotea. Weka jibu la kwanza la moja kwa moja linalotaja saa ambayo mtu halisi ataandika.

La tatu linasikika mno barabara ya Sokoine na pale jirani na Mnara wa Saa:

"Shikamoo bosi. Yule Mjerumani wa Lemosho niliyekutumia mwezi wa tatu, alipanda?"

"Marahaba mdogo wangu. Yule? Huyo alikuja mwenyewe, alitupata Instagram."

Na huna cha kumjibu, kwa sababu mlikubaliana kwa mdomo. Tengeneza fomu itume nakala kwako na kwa wakala kwa pamoja, yenye namba ya maombi na tarehe. Andikeni karatasi moja: mteja aliyeingia kwa fomu anahesabika wako kwa miezi mingapi, asilimia ni ya bei nzima au ya faida, na unalipwa lini, amana ikiingia au mteja akishuka mlimani. Mimi ningetaka amana ikiingia. Wakala asiyekubali kuweka hayo kwenye maandishi, toa kiungo chake leo.

*Simama hapa:* ukianza kupokea amana za wateja na kupanga safari mwenyewe, umeacha kuwa mwenye websaiti, umekuwa mfanyabiashara wa utalii, na kazi hiyo inahitaji leseni ya TALA. Ongea na ofisi husika na mhasibu kabla ya shilingi ya kwanza. Hali kadhalika ukianza kuandika habari za matukio: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinahusu leseni, kwa hiyo waulize TCRA mapema.

Kwa wanaoweka viungo vya bidhaa za Amazon ili kupata kamisheni, mambo mawili huwakuta. Ukikosa mauzo 3 yanayostahili ndani ya siku 180 za mwanzo, akaunti inafungwa. Na mgeni akibofya kiungo chako, una saa 24 tu za kuhesabiwa. Anayepanga kupanda Septemba hanunui viatu usiku huu. Ndiyo maana kwa websaiti za mlima fomu ya wakala huzaa kuliko duka. Kabla ya kujiunga na mpango wowote wa aina hii, soma ukurasa wao wa malipo uone kama wanalipa Tanzania na kwa njia gani. Wengi hulisoma hilo wakiwa tayari na salio.

## Hela ipo kwenye skrini, haifiki benki

Kagua kiasi kwanza. AdSense hailipi chini ya dola 100. Salio linasogezwa mwezi unaofuata. Likifika, malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, kisha benki ina siku zake. Tarehe 27 si siku ya kupiga kelele.

Kisha PIN. Salio likifika dola 10, Google hutuma kadi yenye PIN (namba ya kuthibitisha anwani yako) kwa posta ya kawaida, na usipoithibitisha ndani ya miezi 4 matangazo yanaacha kuonekana. Kadi nyingi hupotelea hapa: umeandika sanduku la shule uliyomaliza, au la ofisi uliyoacha, au umeandika mtaa na nyumba bila S.L.P. Tumia sanduku la mtu unayemwona kila wiki, andika jina lake baada ya lako, na umwambie asiitupe bahasha ndogo isiyo na maana. Unaweza kuomba kadi nyingine. Zikishindikana zote, Google hutoa njia ya kuthibitisha kwa kitambulisho.

Halafu majina. Akaunti imefunguliwa kwa jina la mtandaoni, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, benki imeandika mawili na herufi moja imekosewa. Mpaka yafanane, hela inarudi ilikotoka. Sahihisha upande wa AdSense kama bado unaruhusu. La sivyo nenda tawini kwako na kitambulisho. Ukiwa hapo chukua msimbo wa SWIFT kutoka kwa karani mwenyewe, uliza makato ya hela inayotoka nje, na kama akaunti ya shilingi inapokea dola.

Mwisho, fomu ya taarifa za kodi ndani ya AdSense. Ikiachwa wazi, malipo yanazuiwa au yanakatwa zaidi. Na mapato haya ni mapato mbele ya TRA pia. Yakianza kuwa ya kila mwezi, lipa mhasibu saa moja ya ushauri.

## Inafungua kamari au maandishi ya Kijapani

Imedukuliwa. Dalili yake ya hila ni kwamba kwenye kompyuta yako inaonekana safi, lakini anayekuja kwa simu kutoka Google anatupwa kwenye kamari. Jaribu kwa njia hiyohiyo, na laini tofauti. Sababu kubwa ni themu au plagini ya kulipia iliyopakuliwa bure mahali fulani, zikifuatiwa na plagini zisizosasishwa, kisha paswedi dhaifu.

Badilisha paswedi ya barua pepe kwanza, halafu hostingi, halafu WordPress. Ukianza na WordPress mdukuzi anaiomba upya kupitia barua pepe. Futa watumiaji usiowajua. Rudisha bakapu ya kabla ya tatizo, sasisha kila kitu, ng'oa themu ya bure.

*Simama hapa:* ikirudi baada ya kusafishwa, kuna mlango wa nyuma, mwachie mtaalamu. Na kama fomu zako zina namba za pasipoti au simu za watu, hili si lako peke yako tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, hata ukiwa na chumba kimoja Sakina.

## Ni nzito

Picha. Zimetoka kwenye kamera zikapandishwa zilivyo. Zipunguze upana, zigeuze kuwa WebP, aina nyepesi ya picha, kisha pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google. Sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ikibaki nzito, punguza plagini. Kuhama hostingi kuwe hatua ya mwisho.

## Ukimwita fundi

Mpe dalili, tarehe ilipoanza, na kilichobadilishwa siku hiyo, pamoja na picha ya skrini yenye maneno ya hitilafu yote. Mfungulie mtumiaji wake mwenyewe kwenye WordPress na hostingi. Paswedi ya barua pepe yako na ya akaunti ya msajili hazimhusu. Mwombe apakue bakapu kabla hajagusa kitu, na akuonyeshe ilipo. Kubalianeni bei ya kuchunguza kando na bei ya kutengeneza, maana kuna siku uchunguzi utamaliza kazi kwa kukuta tiki moja. Akimaliza, jaza fomu, fungua kwa simu, tazama ads.txt, kisha mlipe na umfute kwenye orodha ya watumiaji.